Mbwa wa Kahawia na Makaratasi Yake

Alfajiri ya Machi 10, 1910, kabla hakujapambazuka, wafanyakazi wa halmashauri ya Battersea, kusini mwa London, waling'oa sanamu ya shaba ya mbwa huku wakilindwa na polisi 120. Baadaye sanamu hiyo iliyeyushwa. Aliyeamuru ing'olewe huenda alidhani habari ya mbwa yule imekwisha, lakini habari yenyewe ilikuwa imeandikwa.

Iliandikwa na wanawake wawili kutoka Sweden, Lizzy Lind af Hageby na Leisa Schartau, waliojiunga na chuo cha udaktari cha wanawake jijini London mwaka 1902. Walihudhuria mihadhara ambamo wanyama walipasuliwa wakiwa hai, na kila walichokiona wakakiandika kwenye shajara. Februari 2, 1903, katika University College, walimwona mwanafiziolojia William Bayliss akimpasua mbwa wa kahawia mbele ya wanafunzi. Walisema mbwa alikuwa na kidonda cha upasuaji wa awali, na kwamba hawakuona dalili kuwa dawa ya usingizi imemkolea. Sheria ya mwaka 1876 ilikataza mambo yote mawili: kumrudia mnyama yuleyule, na kumpasua bila dawa ya usingizi.

Stephen Coleridge, kiongozi wa chama cha kupinga upasuaji wa wanyama hai, aliyatangaza hayo hadharani. Bayliss akamshitaki kwa kumchafulia jina, na Novemba 1903 akashinda: fidia pauni 2,000, mbali na gharama za kesi. Shajara ilikuwa imeshatoka kama kitabu, na mchapishaji, Ernest Bell, aliomba radhi na kuondoa nakala zilizobaki. Kitabu kilipochapishwa upya, sura ya awali iliyomhusu mbwa yule haikuwemo tena; mahali pake paliwekwa sura nyingine iliyosimulia upasuaji na kesi.

Hapo ndipo umuhimu wa kuhifadhi nyaraka unapoonekana waziwazi. Mwenye toleo la baadaye peke yake hawezi kusoma maneno ya awali yaliyowapeleka watu mahakamani. Lazima apate toleo la kwanza, kumbukumbu za kesi, na magazeti ya wakati ule yaliyosimulia jinsi wanafunzi wa udaktari walivyoandamana Desemba 1907 kuipinga ile sanamu ya Battersea, iliyokuwa imesimamishwa mwaka mmoja nyuma kumkumbuka mbwa yule. Vitu vya namna hiyo havijitunzi. Harakati za kutetea wanyama ziliendeshwa zaidi na watu wa kujitolea; mihutasari ya vikao ilikaa kwenye makabati ya nyumbani, na vipeperushi vilichapwa kwenye karatasi hafifu ili vigawiwe mtaani na kutupwa. Katibu anapofariki, jamaa zake wakisafisha nyumba, miaka thelathini ya kazi inaweza kuishia jalalani kwa asubuhi moja. Hasara hiyo hailipiki.

Ndiyo maana kazi ya waliokusanya inastahili heshima. Nyaraka za chama alichokianzisha Frances Power Cobbe mwaka 1898 ili kudai upasuaji wa wanyama hai ukomeshwe kabisa zimehifadhiwa Hull, kaskazini mwa Uingereza. Kim Stallwood, aliyeanza kutetea wanyama miaka ya 1970, alilimbikiza vitabu, barua, mabango na hata beji za maandamano, na mkusanyiko wake ukapokelewa na British Library. Ng'ambo ya Atlantiki, chuo kikuu cha jimbo la North Carolina kinatunza karatasi za Tom Regan, mwanafalsafa aliyefundisha hapo na ambaye kitabu chake cha mwaka 1983 kiliipa hoja ya haki za wanyama msingi wa kifalsafa.

Lakini upande mmoja hautoshi. Mwaka 1908, vurugu za wanafunzi kuhusu sanamu ya Battersea zikiwa bado mbichi, waliounga mkono majaribio ya kupasua wanyama hai walianzisha chama chao cha kuyatetea, na nyaraka zake zimo katika maktaba ya Wellcome, London. Anayetaka kumwandika mbwa yule kwa haki hana budi kusoma Hull, kisha apande treni kwenda kusoma London, maana kule ndiko watetezi wa majaribio walikoandika walichokiogopa.