Mikunjo ya Kando ya Mdomo: Historia ya Vipodozi, Mpaka na Lugha katika Ukanda wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya utunzaji wa uso, hasa mikunjo ya kando ya mdomo, katika ukanda wa mpaka wa Busia na Tororo. Hoja yake kuu ni kwamba madhara yanayowapata watumiaji wa vipodozi hayatokani na udhaifu wa utekelezaji wa sheria pekee, bali pia na pengo la lugha. Sheria hukataza kemikali kwa majina ya maabara, ilhali soko huuza kwa maneno mafuta, krimu na dawa, ambayo hayabainishi kitu kinacholainisha ngozi na kitu kinachoikondesha. Makala yanapendekeza istilahi na maonyo ya Kiswahili yatumike katika lebo na katika vituo vya forodha.

1. Utangulizi

Mpaka wa Busia umewahi kukipa Kiswahili neno. Waendesha baiskeli waliowavusha abiria na mizigo katika eneo lililotenganisha vituo viwili vya forodha walinadi safari ya kutoka boda hadi boda, na leo bodaboda ni neno la Afrika Mashariki nzima. Neno hilo halikuundwa na jopo la wanaistilahi, bali lilizaliwa na haja. Makala haya yanauliza kwa nini haja nyingine iliyopo papo hapo mpakani, yaani afya ya ngozi ya uso, haijapata maneno yake.

Mikunjo ya kando ya mdomo ni ya namna mbili kuu. Ipo mifuo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo, ambayo hutokana zaidi na kupungua kwa mafuta na mifupa ya uso kadiri umri unavyosonga. Ipo pia mistari myembamba ya wima juu ya mdomo, ambayo huharakishwa na jua, tumbaku na kung'oka kwa meno. Ngozi nyeusi hukingwa kwa kiasi na melanini yake, hivyo mistari hiyo myembamba huchelewa kuonekana. Jambo hili dogo limechaguliwa kwa sababu moja. Mtu mwenye mikunjo si mgonjwa, wala haendi kumwona daktari. Huenda sokoni, na huko mwongozo wake wa pekee ni neno la muuzaji.

2. Uso katika lugha kabla ya kipodozi cha kopo

Kiswahili kina maneno makunyanzi na mikunjo kwa alama hizi. Hata hivyo, kitenzi kunja kikihusishwa na uso hakisemi habari za umri. Aliyekunja uso amechukia, na aliyeukunjua amefurahi. Mkunjufu ni mtu mwema wa tabia, awe kijana au mzee. Kwa maneno mengine, lugha iliusoma uso uliokunjana kama habari ya moyo kabla ya kuusoma kama habari ya miaka. Uzee wenyewe haukuwa kasoro ya kutibiwa.

Utunzaji wa ngozi ulikuwapo, lakini ulikuwa utunzaji wa kulainisha. Katika Kiganda, neno la vipodozi vya kujipaka, ebizigo, lina shina moja na omuzigo, yaani siagi au samli. Kaskazini mwa Tororo, katika nchi ya Wateso, na mbele zaidi kwa Walango na Waacholi, mafuta yalikamuliwa kutokana na kokwa za mti wa shea, yakaliwa na yakapakwa. Mafuta ya ufuta yalitumika vivyo hivyo. Kitu kilichopakwa usoni kilikuwa kitu ambacho mtu angeweza kukila, na neno mafuta lilibeba dhamana hiyo bila kutajwa. Dhamana hiyo ndiyo iliyohamishiwa baadaye kwenye kopo na mrija wa kiwandani, ingawa kilichokuwamo ndani kilikuwa kimebadilika.

Aidha, baadhi ya jamii za ukanda wa Ziwa, Waluo wakiwa mfano maarufu zaidi, ziliwang'oa vijana meno ya chini ya mbele kama alama ya kuingia utu uzima. Pengo mdomoni lilikuwa heshima. Mfano huu unatukumbusha kwamba fikra ya mdomo mzuri ina historia, na kwamba historia hiyo haikuanza na matangazo ya biashara.

3. Mpaka, reli na duka

Mwaka 1902 Uingereza iliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mstari wa mpaka ulibainishwa zaidi kisheria mwaka 1926. Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili. Mstari uliochorwa kwa ajili ya utawala ulikata njia za soko, ndoa na matanga, lakini haukuzifunga.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 reli kutoka Nakuru kupitia Eldoret ilifika Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Pamoja na pamba iliyosafirishwa kwenda pwani, reli iliwezesha maduka ya miji midogo kupata sabuni za kiwandani na mafuta ya mgando. Bidhaa hizi ziliuzwa kwa hoja ya usafi, na shule na misheni zikaiunga mkono hoja hiyo. Mwanahistoria Timothy Burke ameonyesha kuhusu Zimbabwe jinsi sabuni ilivyobeba fikra za ustaarabu wa kikoloni, na Lynn Thomas, katika utafiti wake kuhusu Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2020, amefuatilia jinsi krimu za kung'arisha ngozi zilivyosambaa hadi Afrika Mashariki. Kwa mintarafu ya makala haya, jambo la kuzingatia ni kwamba dukani bidhaa zote hizi zilikaa rafu moja. Mafuta ya kulainisha, sabuni ya kuua vijidudu na krimu ya kung'arisha zilianza kuitwa kwa jina moja.

4. Marufuku ya heshima na uchumi wa magendo

Baada ya uhuru, serikali za eneo hili ziliingilia suala la uso kwa lugha ya maadili. Nchini Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, na miongoni mwa vitu vilivyokatazwa vilikuwa sketi fupi, nywele za bandia na krimu za kung'arisha ngozi. Nchini Uganda, utawala wa Idi Amin ulipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972, na baadaye nywele za bandia. Kilichotetewa kilikuwa heshima na utamaduni. Hakuna aliyeambiwa kwamba krimu fulani ingemdhuru figo.

Katika miaka hiyohiyo uchumi wa Uganda ulianguka. Sabuni, chumvi na sukari ziliadimika, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Busia na Malaba zikawa njia kuu za biashara isiyo rasmi, na neno la Kiswahili magendo likawa jina la uchumi mzima nchini Uganda, hata kwa watu wasiotumia Kiswahili nyumbani. Kipande cha sabuni kilichovuka mpaka kwa baiskeli kilikuwa riziki. Hili ni muhimu kwa mshauri wa sera wa leo, kwa sababu kizazi kizima kilijifunza kwamba kitu cha kutunza mwili kilichopitishwa kwa siri si lazima kiwe kibaya, na kwamba askari wa forodha anayekizuia si lazima awe anakulinda. Onyo lolote la serikali kuhusu kipodozi hulipokea urithi huo.

5. Marufuku ya kemikali

Tangu miaka ya 1990 lugha ya marufuku ilibadilika. Afrika Kusini iliondoa haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001. Kenya na Tanzania zilitoa orodha za bidhaa zilizopigwa marufuku kwa sababu ya zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Uganda ilijiunga mwaka 2019, na Kenya mwaka 2023. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023, nchi wanachama ziliafikiana kuondoa kabisa vipodozi vilivyotiwa zebaki kufikia mwaka 2025, pasipo kuruhusu kiwango chochote kidogo.

Orodha hizo zina jambo ambalo mtafiti wa lugha hawezi kulipita. Miongoni mwa sabuni za zebaki zilizotajwa zimo zilizoitwa Jaribu na Binti Jambo. Watengenezaji walifahamu kwamba mnunuzi wa Afrika Mashariki huitika anapoitwa kwa Kiswahili. Bidhaa ilipata jina la Kiswahili, nayo kemikali iliyokatazwa ikabaki na jina la maabara. Hivyo basi, marufuku ya kwanza yalisema kwa lugha ya maadili, marufuku ya pili yakasema kwa lugha ya kemia, na lugha ya soko ikaachiwa muuzaji.

6. Kinachotokea kando ya mdomo

Yapo mambo machache yanayosaidia mikunjo ya mdomo. Kivuli, kofia na krimu ya kukinga jua huchelewesha mistari myembamba, na kuacha tumbaku pia huichelewesha. Mafuta ya kulainisha, shea ikiwamo, huifanya ngozi kavu ionekane nyororo lakini hayaondoi mfuo ulioingia ndani. Meno ya bandia huurudishia mdomo uliobonyea umbo lake. Retinoidi, zilizoanza kuthibitishwa na tafiti za miaka ya 1980 kuwa hupunguza alama za jua usoni, ni dawa za kutumiwa kwa ushauri wa daktari, na hazimfai mjamzito. Sindano za kujaza mifuo zinahitaji daktari aliyefunzwa, kwa kuwa mishipa ya damu ya eneo hilo ikizibwa ngozi huweza kufa.

Kinyume chake ni krimu zenye steroidi kali kama klobetasoli. Hizi hutuliza uvimbe na kuipa ngozi mng'ao kwa wiki za mwanzo, na mtumiaji huamini kwamba amepata tiba. Zikiendelea kupakwa, hukondesha ngozi hadi mishipa ikaonekana, na ngozi iliyokonda hukunjamana zaidi. Athari yake moja inayojulikana sana ni harara ya kuzunguka mdomo, ambayo hulipuka vibaya zaidi pale krimu inapoachwa, na hivyo kumrudisha mtumiaji kwenye krimu ileile. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu chini ya jua huweza kuacha weusi wa kudumu. Zebaki hudhuru figo na neva, na huweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Mtu aliyetafuta kuondoa alama mbili kando ya mdomo anaweza kupata zaidi ya alama hizo.

Huenda msomaji akasema kwamba Kiswahili tayari kina maneno ya kuonya, yaani mkorogo na kujichubua. Ni kweli, lakini maneno hayo yana kasoro mbili. Kwanza, yamestawi zaidi Tanzania kuliko katika soko la Busia. Pili, yanamlaumu mtumiaji. Mama mwenye umri wa miaka hamsini anayeomba mafuta ya makunyanzi hajioni kuwa anajichubua, na onyo kuhusu kujichubua humpita, hata kama krimu anayopewa ni ileile.

7. Mapendekezo na hitimisho

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa na marais wa nchi mbili mwezi Februari 2018. Utaratibu wa biashara ndogondogo wa Jumuiya huwaruhusu wafanyabiashara wa bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 kuvuka kwa hati nyepesi. Mazingira ya kisheria ya lugha nayo yapo: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, Uganda ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Jumuiya imekipa hadhi ya lugha rasmi. Kilichosalia ni kukitumia pale ambapo mwili wa raia unahusika.

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na mashirika ya viwango kusanifu majina ya makundi ya vipodozi kwa kazi yake, kwa muundo ambao watumiaji tayari wanaujua katika kipimajoto na kipaza sauti: kilainisha ngozi, kikinga jua, kichubua ngozi na kikondesha ngozi. Pili, jina la kundi liandikwe mbele ya kopo, kwa ukubwa wa herufi sawa na jina la bidhaa. Tatu, orodha za bidhaa zilizokatazwa zibandikwe Busia na Malaba kwa Kiswahili, pamoja na Kiteso, Kisamia na Kijopadhola, zikitaja athari badala ya kumshutumu mtumiaji.

Mapendekezo haya hayatakomesha magendo, wala hayachukui nafasi ya maabara na ukaguzi. Yatafanya jambo moja. Mwanamke atakaposimama mbele ya meza ya vipodozi na kuuliza kama hiki ni mafuta au ni kikondesha ngozi, muuzaji atalazimika kujibu swali ambalo leo halina maneno ya kuuliziwa.