Padri, mwalimu na gitaa: historia ya wimbo wa usiku mtakatifu

Mwaka 1854 waliokuwa wakisimamia muziki wa mfalme wa Prussia mjini Berlin waliulizia Salzburg, Austria, habari za wimbo mmoja wa Krismasi. Uliitwa "Stille Nacht", nao ndio huu ambao Waswahili tunauimba kama Usiku Mtakatifu. Ulikuwa umeshaenea sana, ila mtunzi wake hajulikani. Wengine walimdhania Michael Haydn, jina kubwa la muziki wa Salzburg. Ulizo hilo likamfikia mwalimu mzee, mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Hallein, aitwaye Franz Xaver Gruber. Tarehe 30 Desemba akaandika maelezo mafupi: sauti amezitunga yeye, maneno ni ya padri Joseph Mohr, na wimbo uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi, Oberndorf. Mohr mwenyewe alikuwa amefariki miaka sita kabla.

Huyu Mohr alizaliwa Salzburg mwaka 1792, mtoto wa nje ya ndoa. Mama yake alikuwa mfumaji wa mkono. Baba, askari, aliwakimbia. Baba yake wa ubatizo alikuwa mnyongaji wa mji. Kwa sheria za kanisa za wakati ule, mtoto wa namna hiyo hakupewa upadri mpaka apate kibali maalumu. Akakipata, na mwaka 1815 akapadrishwa. Mwaka uliofuata, akiwa paroko msaidizi katika kijiji cha milimani cha Mariapfarr, akaandika beti sita juu ya kuzaliwa kwa Yesu.

Mwaka huo wa 1816 haukuwa wa sherehe. Vita vya Napoleon ndiyo kwanza vimekwisha. Mlima Tambora, huko Indonesia, ulikuwa umelipuka Aprili 1815, majivu yake yakazuia jua hata Ulaya ikakosa kiangazi. Mazao yakaoza, njaa ikaingia. Juu ya hayo, wakubwa walipogawana ardhi, mto Salzach ukafanywa mpaka kati ya Austria na Bavaria. Oberndorf ikatenganishwa na Laufen, mji wake wa ng'ambo. Watu wa mashua waliokuwa wakiishi kwa kusafirisha chumvi mtoni wakajikuta mpakani, biashara ikizidi kudorora. Hao ndio waumini aliowakuta Mohr alipohamishiwa Oberndorf mwaka 1817.

Gruber, mtoto wa mfumaji nguo, alifundisha shule katika kijiji jirani cha Arnsdorf na kupiga kinanda Oberndorf. Siku ya mkesha wa Krismasi mwaka 1818 Mohr alimpa zile beti, akamwomba azitungie sauti za waimbaji wawili na gitaa. Usiku uleule wakaziimba: Mohr akishika sauti ya teno na kupiga gitaa, Gruber akiimba besi, na kwaya ikirudia mwisho wa kila ubeti. Husimuliwa kwamba gitaa lilitumika kwa sababu panya walikuwa wametafuna kinanda. Hadithi tamu, lakini katika maelezo ya Gruber hakuna panya wala kinanda kibovu. Mimi naona inawapunja wawili hawa, kana kwamba kazi yao nzuri ilitokana na ajali tu.

Wimbo haukusambazwa na maaskofu. Fundi wa vinanda, Karl Mauracher, aliuchukua hadi bonde la Zillertal. Huko ukapokelewa na familia ya Strasser, wachuuzi wa glavu waliouza bidhaa zao katika maonyesho ya Leipzig na kuimba papo hapo. Mwaka 1832 wakauimba katika tamasha mjini humo. Familia ya Rainer ikaufikisha New York mwaka 1839. Ulipochapwa Ujerumani uliitwa wimbo wa kienyeji wa Tirol, majina ya wenyewe yakapotea. Mwaka 1995 ndipo ilipojitokeza karatasi yenye mwandiko wa Mohr mwenyewe, ikitaja mwaka 1816 na kumtaja Gruber kuwa mtunzi wa sauti.

Leipzig hiyohiyo ndiko walikotoka wamisionari wa Kilutheri walioingia Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Walikuja na nyimbo za kwao, na utamaduni wa Kijerumani wa kupiga matarumbeta kanisani bado ni hai katika sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT).

Kilichopungua katika safari za wimbo huu ni beti. Padri John Freeman Young wa New York, aliyetoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1859, alichukua tatu tu, na vitabu vingi duniani vina hizohizo tatu. Katika zilizoachwa umo ubeti wa nne, ambamo Mohr anasema kwamba Yesu anawakumbatia watu wa mataifa yote kama ndugu. Maneno hayo yaliandikwa na kijana aliyeishi kati ya vita, njaa na mpaka uliokatwa katikati ya majirani. Kwaya zetu, ambazo kila Novemba huanza mazoezi ya Krismasi, ziutafute ubeti huo, zimpate mtu wa kuutafsiri vizuri, uimbwe pamoja na nyingine.