Makunyanzi, krimu na migongo ya wafungwa wa Holmesburg

Mwaka 1971 kijana aitwaye Allen Hornblum aliingia kwa mara ya kwanza katika Gereza la Holmesburg, mjini Philadelphia, Marekani, kwenda kufundisha wafungwa kusoma na kuandika. Alikuta wanaume waliobandikwa bandeji na plasta miilini, akadhani usiku uliopita walichomana visu. Alipouliza, askari akamjibu kwa wepesi tu: hayo ni majaribio ya manukato, ya chuo kikuu.

Hayakuwa manukato peke yake. Miongoni mwa vilivyojaribiwa katika gereza lile ni tretinoini, dawa ambayo hadi leo madaktari wa ngozi wanaitegemea kuliko krimu nyingi zinazotangazwa kwa ajili ya makunyanzi. Wengi wanaoipaka usoni usiku hawajui ilikopitia. Naona wana haki ya kujua.

Mwenye mradi alikuwa Dakta Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Aliitwa Holmesburg mwaka 1951 kutibu fangasi za miguuni zilizowasumbua wafungwa, akabaki na shughuli zake mle hadi 1974. Baadaye alimsimulia mwandishi wa gazeti kwamba alipoingia hakuona ila maekari ya ngozi, naye akawa kama mkulima anayeliona shamba lenye rutuba kwa mara ya kwanza. Wafungwa wengi walikuwa weusi, na wengi walikuwa mahabusu ambao kesi zao hazijasikilizwa, wamekaa ndani kwa kukosa dhamana. Walilipwa dola chache kwa kila jaribio, nyingi kuliko kazi nyingine ya gerezani. Migongo yao iligawanywa vipande vipande kama ubao wa drafti, kila kipande na dawa yake, na wengine walitoka na makovu. Yote hayo yalianza miaka minne tu baada ya mahakama ya Nuremberg kuwahukumu madaktari wa Wanazi, mwaka 1947, na kuweka kanuni kwamba hakuna jaribio juu ya binadamu bila ridhaa yake ya hiari.

Na sayansi iliyotoka humo ni ya kweli. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Chini ya tabaka la juu la ngozi kuna nyuzi za kolajeni zinazoipa uimara, na za elastini zinazoirudisha mahali pake ikivutwa. Bana ngozi ya mgongo wa mkono wa mtoto, itajinyoosha papo hapo. Bana ya bibi yake, itasimama kidogo kama kanga iliyokunjwa, kisha ilale polepole. Umri hupunguza nyuzi hizo, sigara huzimaliza haraka, lakini mharibifu mkubwa ni miale ya urujuanimno ya jua. Linganisha ngozi ya shavu na ile inayofunikwa na nguo mchana kutwa kwa mtu yuleyule wa miaka 60: umri ni mmoja, sura ni mbili. Kligman aliishikilia hoja hii wakati wengi waliona makunyanzi ni suala la miaka tu, na hapo nampa haki yake.

Ushahidi ninaoukumbuka kuliko wote ni picha moja iliyochapishwa mwaka 2012 katika jarida la New England Journal of Medicine. Ni ya dereva wa miaka 69 aliyeendesha lori la kusambaza mizigo kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ni wa mzee wa kawaida. Upande wa kushoto, uliokuwa dirishani, umejaa mifereji na ngozi imening'inia. Kioo kilizuia upepo, hakikuzuia miale yote.

Tretinoini yenyewe ni aina ya vitamini A. Marekani iliiruhusu kama dawa ya chunusi mwaka 1971, kwa jina la Retin-A. Kisha wanawake wa makamo waliotibiwa chunusi wakaanza kumwambia Kligman kwamba nyuso zao zimelainika na makunyanzi madogo yamefifia. Mwaka 1986 yeye na wenzake walichapisha matokeo. Mwaka 1988 John Voorhees wa Chuo Kikuu cha Michigan akaipima kwa watu 30 kwa wiki 16, ikaonekana inafanya kazi, na watu wakaikimbilia. Mwishoni mwa 1995 Marekani ikaidhinisha krimu yake kwa ajili ya ngozi iliyochakazwa na jua. Huchochea kolajeni mpya, lakini inataka miezi, huwasha na kubambua mwanzoni, na mjamzito haimfai.

Kwetu wenye ngozi nyeusi, melanini, rangi ya asili ya ngozi, ni mwavuli wa kuzaliwa nao, ndiyo maana makunyanzi ya jua hutuchelewa. Inasikitisha kwamba mwavuli huohuo ndio unaovuliwa kwa mkorogo wa kujichubua. Haidrokwinoni inayotiwa humo huzuia melanini kutengenezwa, steroidi huikondesha ngozi hadi mishipa ikaonekana, kisha mtu huyohuyo hurudi dukani kutafuta dawa ya uso uliozeeka mapema. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado vinapenya.

Hornblum alitoa kitabu kuhusu Holmesburg mwaka 1998. Mwaka 2000 waliokuwa wafungwa karibu 300 wakafungua kesi, ikatupwa kwa kuwa muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Kligman alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 93, akiamini kwamba kosa lilikuwa kusimamisha majaribio ya magerezani. Kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliomba radhi mwaka 2021, na Jiji la Philadelphia likafuata mwaka 2022. Wengi waliostahili kuisikia radhi hiyo walikuwa wameshazikwa.