Juisi ya embe
Juisi ya embe ni kinywaji kizito kinachotengenezwa kwa maembe mabivu yaliyosagwa pamoja na maji, na hunywewa baridi. Katika miji yenye joto kama Ifakara, kwenye bonde la Mto Kilombero mkoani Morogoro, hupatikana zaidi msimu wa maembe, mwishoni mwa mwaka.

Maembe huoshwa, humenywa na kusagwa kwa blenda. Pasipo umeme hupondwa kwa mkono na kuchujwa nyuzi. Embe lililoiva vizuri halihitaji sukari. Ndimu kidogo hukata utamu.

Juisi hii haipikwi, hivyo usalama wake hutegemea maji. Maji ya kisima huchemshwa na kupozwa kwanza. Barafu nayo hutengenezwa kwa maji yaliyochemshwa, kwani kugandisha maji hakuui bakteria wote, wakiwemo wa kipindupindu.