Masurufu ya Kwenda Samarkand

Kwenye daftari langu hapa Kakamega kuna ukurasa wa hesabu za Samarkand, Uzbekistan. Siku saba. Sitaki kulala chumba kimoja na wageni wanane, na hoteli za wenye nazo siziwezi, kwa hivyo nimepanga ya katikati: chumba dola 45 kwa usiku, chakula 15 kwa siku, treni na teksi 60, viingilio vya madrasa za Registan na makaburi 40. Jumla dola 520, kama shilingi 67,000. Halafu kuna tiketi ya ndege, ambayo inameza zaidi ya hizo zote. Manze, hapo ndipo mtu aliyeacha chuo akaishi kwa kalamu hufunga daftari akachemsha chai.

Ila kuna mtu wetu aliyefika huko zamani. Selim bin Abakari, Mngazija, alizunguka Urusi, Siberia na Asia ya Kati mwaka 1896, akasimulia safari yake kwa Kiswahili. Carl Velten aliichapisha Göttingen mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli. Mwaka huohuo ndio reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, kilomita kama 50 kutoka hapa nilipo.

Wako wanaomwita Selim mtalii wetu wa kwanza. Mimi nakataa. Alikwenda kama mtumishi wa Theodor Bumiller, Mjerumani aliyekuwa msaidizi wa Wissmann, yule aliyepigana na watu wa pwani ya Tanganyika. Bwana ndiye aliyelipa, na anayelipa ndiye husema leo tunalala wapi na kesho tunaondoka saa ngapi. Selim alibaki na macho yake tu, na aliyatumia vizuri.

Kiswahili chenyewe kinajua pesa za safari kuliko tunavyodhani. Kuna masurufu, pesa ya matumizi njiani. Kuna posho, ambayo kwa wapagazi wa misafara ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Na kuna hongo, ushuru waliotozwa na watawala wa bara ili wapite. Leo nadhani ingeitwa viza. Misafara hiyo ilifika hadi Mumias, kwa Nabongo Mumia, na shanga, vitambaa na nyaya za shaba. Mpagazi alitembea mbali kuliko tajiri wake yeyote wa Mombasa, lakini daftari halikuwa lake.

Marafiki zangu waliovuka mipaka, wengi wamelipiwa: semina, mfadhili, shirika. Silaumu mtu, posho ya semina ni tamu. Lakini ratiba ni yao, na ukirudi unaandika ripoti.

Reli ya Warusi ilifika Samarkand mwaka 1888. Mwaka wa Selim ilikuwa bado haijafika Tashkent. Leo treni ya Afrosiyob hukata kilomita 344 kati ya miji hiyo kwa saa mbili na kidogo. Kakamega hadi Nairobi ni karibu umbali huohuo na basi linakula siku.

Nimeongeza mstari wa mwisho kwenye bajeti: dola 30, za kukaa tu. Chai, mkate, kiti cha mbao pale Registan, bila mtu wa kuniambia twende. Kufikia jana nimeweka shilingi 14,200.