Ujira na Heshima

Watu wengi hudhani ya kuwa mfanyakazi huridhika kwa fedha tu. Lakini tukiyaangalia mambo ya Mombasa ya mwaka 1947, twaona sivyo. Tarehe 13 Januari makuli wa bandarini, watu wa reli, na watumishi wa majumbani na wa mahoteli, wapata 15,000, waliacha kazi kwa muda wa siku kumi na mbili. Walikutanika katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini.

Walitaka nini? Kweli, bei ya vyakula na kodi za nyumba zilikuwa zimepanda, na ujira haukumtosha mtu na mkewe na watoto wake. Lakini walinung'unika pia ya kwamba Mwafrika na Mhindi wakifanya kazi ile ile, Mwafrika hulipwa kidogo. Tena ya kwamba walidharauliwa kazini. Eliud Mathu, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, aliwasihi warudi, wakarudi. Na baadaye wengi wakaongezewa ujira.

Fedha hushibisha tumbo, bali moyo hutulizwa na haki na heshima. Basi nasi tukimwajiri mtu shambani, tusimpunje, wala tusimdharau.