Nyumba za mstari: siku kaya ya Kisukuma ilipopimwa kwa kamba

Ukipita barabara za Shinyanga utakuta vijiji ambavyo nyumba zake zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Wengi wanapita tu. Lakini mdau, mstari ule una historia, tena nzito.

Zamani kaya ya Kisukuma haikujua mstari. Kulikuwa na msonge wa duara wenye paa la nyasi lililochongoka, ghala la nafaka, zizi la ng'ombe, na minyaa ikizungushwa kama uzio. Jirani alikuwa ng'ambo ya shamba. Kijana akioa, inaongezwa nyumba nyingine humo humo. Ng'ombe wakizaana, zizi linapanuliwa. Yaani ramani ilikuwa familia yenyewe. Pembeni kulikuwa na ngitili, eneo la malisho lililofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akaagiza watu wote wa vijijini wawe wanaishi kwenye vijiji ifikapo mwisho wa 1976. Mwaka 1974 operesheni ikafika Shinyanga. Viwanja vikapimwa pembeni ya barabara, familia moja baada ya nyingine. Lengo halikuwa baya: shule, zahanati na maji haviwezi kuifuata kila kaya porini. Watoto wengi walisoma kwa sababu ya mstari ule.

Ila kiwanja cha mstari hakikuuliza baba ana ng'ombe wangapi, wala mama alihifadhi wapi mtama wake. Mashamba yakabaki mbali. Zizi likakosa nafasi. Ngitili nyingi zikaachwa bila mwenyewe, miti ikakatwa, na nchi ikazidi kuwa kavu.

Wazungu nao wana mstari wao maarufu. Kule Bibury, Uingereza, kuna nyumba za mawe ziitwazo Arlington Row. Lilikuwa ghala la sufu la miaka ya 1380 hivi, na karne ya 17 likageuzwa kuwa makazi ya wafumaji. Leo watalii wanapanga foleni kupiga picha. Lakini mfumaji hakupangiwa pale ili apendeze: aliwekwa karibu na kazi, kwani nguo zake zilimaliziwa kwenye kinu kilicho jirani. Huku kwetu mkulima aliwekwa mbali na kazi yake. Hapo ndipo tofauti ilipo, siyo kwenye mawe na udongo.

Miaka ya 80 kamba ikalegea. Familia nyingi zikarudi taratibu kwenye mahame yao. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na ngitili zikaanza kurudishwa kwa kuwasikiliza wenye ardhi wenyewe. Mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Angalia sasa kaya nyingi za Usukuma. Msonge umekuwa nadra, nyumba ni za pembe nne na bati linang'aa juu. Lakini zizi lipo, minyaa ipo, na jirani yuko tena ng'ambo ya shamba. Watu walichukua bati la kisasa, mstari wakauacha barabarani.

Kwenu je, nyumba ya bibi iko kwenye mstari au ndani ya minyaa?